Fasihi Haikai Rafu Moja: Ushauri kwa Msomaji Mgeni wa Maktaba

Kila mwaka wa masomo unapoanza, hufika mbele ya kaunta yetu wanafunzi wapya walioshika karatasi yenye majina ya vitabu sita au saba vya fasihi, na kila mwaka nawaona wengi wao wakiondoka mikono mitupu kwa sababu vitabu hivyo vimekwisha kuazimwa na wenzao waliowahi. Mwaka mmoja mwanafunzi wa Kiswahili aliniambia, kwa unyonge na wala si kwa ubishi, kwamba maktaba haina riwaya. Nilimwomba anifuate, tukapanda ghorofani, nikamsimamisha mbele ya rafu zilizojaa riwaya za Kiswahili kuanzia karibu na sakafu hadi pale mkono wake ulipoweza kufika. Alikuwa amepita hapo mara mbili siku ile ile akitafuta namba moja tu, na alipoona pengo mahali palipotakiwa kuwa na kitabu chake, aligeuka akarudi chini.

Nimewahudumia wasomaji katika maktaba ya chuo kwa miaka 14, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa fasihi niliyefanya kosa lile lile. Ninayoandika hapa ni kwa ajili yako uliyeanza chuo, na pia kwa ajili yako uliyeajiriwa karibuni kupanga na kutunza vitabu hivyo, kwa maana ujuzi mnaouhitaji nyote wawili ni mmoja. Fasihi katika maktaba haikai mahali pamoja. Utaratibu wa kuipanga huiunganisha kwa njia fulani na papo hapo kuitenganisha kwa njia nyingine, na anayetaka kukutana na uandishi wa namna nyingi hana budi kujua ni wapi imetenganishwa na kwa sababu gani. Orodha ya mwalimu imekusudiwa kukupa mahali pa kuanzia, na mwalimu mwenyewe atasikitika akisikia kwamba umeifanya kuwa mpaka.

Anza na ile namba iliyobandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Wasomaji wengi huichukulia kama namba ya nyumba, yaani kitu cha kukufikisha mlangoni na kusahauliwa, ilhali namba hiyo ni maelezo mafupi ya kitabu, na ukiweza kuisoma utajua nini kinakizunguka hata kabla hujanyanyua macho. Maktaba nyingi za umma na za shule hufuata mfumo ambao Mmarekani Melvil Dewey aliuchapisha mwaka 1876. Katika mfumo huo fasihi yote imewekwa kwenye mia nane, fasihi ya lugha za Kiafrika kwenye 896, na fasihi ya Kiswahili kwenye 896.392. Baada ya hapo huongezwa tarakimu ya utanzu: 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa riwaya na hadithi. Kwa hiyo kitabu chenye 896.3923 ni riwaya au hadithi ya Kiswahili, na ukisogea nyuma kidogo utakutana na tamthilia, kisha mashairi.

Utaratibu huo una faida kubwa kwa mtu anayependa utanzu mmoja, kwani akishafika kwenye tamthilia atazikuta zote zimejipanga, za watu asiowafahamu zikiwa bega kwa bega na za wale aliosikia majina yao darasani. Hasara yake ni kwamba humgawa mwandishi mmoja vipande vipande. Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971 na diwani ya Kichomi mwaka 1974, na katika maktaba ya Dewey vitabu hivyo viwili vinaweza kutenganishwa na rafu nzima, hata msomaji aliyeipenda riwaya akamaliza shahada yake bila kujua kwamba mtu yule yule alizusha mjadala mkali kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani. Kwa hiyo, ukiwa katika maktaba ya namna hii, usiondoke kwenye kitabu kilichokupendeza kabla hujaliingiza jina la mwandishi wake katika katalogi na kutazama namba zote zitakazotokea.

Vyuo vikuu vingi hufuata mfumo mwingine, wa Maktaba ya Kongresi ya Marekani, ambao hutumia herufi na namba. Fasihi ya Kiswahili iko kwenye PL8704, na humo waandishi hupangwa kwa alfabeti, kila mmoja na vitabu vyake vyote bila kujali utanzu. Hapa Kezilahabi hukaa pamoja naye mwenyewe: Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, mashairi yake, kisha vile vitabu viwili vyembamba, Nagona cha mwaka 1990 na Mzingile cha 1991. Nimeona mara nyingi mwanafunzi akichukua Rosa Mistika kwa sababu ya mtihani na kuliacha Nagona palepale, labda kwa kudhani kwamba wembamba wake ni dalili ya uhafifu. Ningeweza kukupa pendekezo moja tu, lingekuwa hili: simama mbele ya mwandishi mmoja, chukua kitabu chake cha mwanzo na kimoja cha mwishoni, uvisome kwa kufuatana. Kutoka riwaya inayomsimulia msichana wa Ukerewe hatua kwa hatua hadi masimulizi ya Nagona ambayo yamevunja takribani kila kanuni ya kusimulia, utaona mtu akibadilika mbele yako kwa namna ambayo hakuna mhadhara utakaoweza kukuonyesha.

Hata hivyo, usiuamini mwaka ulioandikwa mwishoni mwa namba hiyo kupita kiasi. Mara nyingi ni mwaka wa toleo ulilolishika, si mwaka wa kuandikwa. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini Kufikirika kilichapishwa 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata 1968, na ukiongeza matoleo ya baadaye unaweza kukuta mgongoni mwaka ambao mwandishi amekwisha kulala kaburini miongo kadhaa. Fungua ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina, usome chapa zote zilizotajwa. Zoezi hilo halichukui hata dakika moja, nalo litakuepusha na aibu ya kuandika katika insha yako kwamba fikra za miaka ya 1940 ziliathiriwa na matukio ya baada ya Uhuru.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni kwamba mifumo yote miwili huipanga fasihi kwa kufuata lugha kabla ya kufuata mahali. Tazama Zanzibar. Ukisimama kwenye PL8704 utaikuta Kiu ya mwaka 1972 na Nyota ya Rehema ya 1976, zote za Mohamed Suleiman Mohamed. Utaikuta Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978 na Kuli ya 1979, za Shafi Adam Shafi, ya pili ikisimulia maisha ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948. Utamkuta Said Ahmed Mohamed na Utengano. Ni kundi la riwaya lililochipuka kutoka visiwa vidogo ndani ya muda mfupi, na msomaji anayezipitia kwa mfuatano wa miaka huona jinsi zinavyoulizana kuhusu utumwa wa mashamba, ubwana, mapinduzi na maisha ya ndani ya nyumba za watu.

Lakini Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, hutamkuta hapo. Kwa kuwa aliandika kwa Kiingereza na aliishi Uingereza, maktaba nyingi zinazofuata mfumo wa Kongresi humweka kwenye herufi PR miongoni mwa waandishi wa Kiingereza, pengine ghorofa nyingine kabisa. Na kuna la kustaajabisha zaidi: riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, lakini kanuni ya uainishaji inasema kwamba tafsiri hukaa pamoja na kitabu asilia. Maktaba inayofuata kanuni hiyo kwa ukamilifu itaipeleka Peponi, kitabu cha Kiswahili kinachosimulia pwani yetu na bara yake, iende ikae na vitabu vya Kiingereza. Mwanafunzi anayetafuta riwaya za Kiswahili kwa kupitisha macho rafuni hataiona hata akipita kila siku kwa miaka mitatu.

Sisemi kwamba kanuni hiyo ni mbaya. Ina sababu zake, na mtafiti wa tafsiri huifurahia. Ninachosema ni kwamba wewe uliyeanza unapaswa kuijua, kwa sababu fasihi ya Kiswahili ina tafsiri nyingi nzuri ambazo zimefichwa na kanuni hii hii. Tafsiri za Mwalimu Nyerere za tamthilia za Shakespeare ziko kwa Shakespeare, kwenye 822.33 kwa mfumo wa Dewey. Shujaa Okonkwo, yaani Things Fall Apart ya Chinua Achebe iliyotafsiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973, iko na Achebe katika fasihi ya Nigeria. Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o haiko na Kiswahili wala na Kiingereza, kwa kuwa kitabu asilia kiliandikwa kwa Kikikuyu, na Kikikuyu kina namba yake. Maktaba chache zimeamua kwa hiari yao kuziweka tafsiri za Kiswahili pamoja na riwaya za Kiswahili, na nyingine zimefanya hivyo kwa baadhi ya vitabu na kusahau vingine, hivyo usikisie. Katika katalogi ya kompyuta kuna mahali pa kuchagua lugha ya kitabu. Chagua Kiswahili, kisha acha sehemu ya mada wazi, na uipitie orodha yote itakayojitokeza hata kama ni ndefu. Nilifanya hivyo jioni moja, katika mwaka wangu wa pili wa kazi, nikatoka na kurasa nne za daftari zenye majina ya vitabu vya Kiswahili vilivyokuwa ndani ya jengo letu nami sikuwa nimewahi kuviona.

Kuna pia Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ambaye alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati maisha yake yakifikia mwisho. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Katika maktaba niliyosomea, nakala zake zilikuwa nene, safi, na karatasi ya tarehe ya kurudisha iliyobandikwa ndani ilikuwa na mihuri miwili tu. Niliichukua kwa sababu ya mihuri hiyo miwili, nikitaka kujua kwa nini watu wameikimbia, nikakuta ndani yake maisha ya mume na mke wasiopata mtoto yakisimuliwa kwa utulivu na ukamilifu ambao sijaukuta tena: namna ya kusalimiana, kutengeneza pombe ya ndizi, kumtafuta mganga, kuomba radhi kwa wakwe. Tangu wakati huo nimekuwa na mazoea ya kuitazama karatasi ile ya tarehe kabla ya kutazama jalada. Kitabu kilichochakaa kinakuambia wanafunzi wametumwa wakisome. Kitabu safi hakikuambii lolote kuhusu ubora wake, na hiyo ndiyo sababu ya kukifungua.

Tatizo la majina linawasumbua wasomaji kuliko wanavyofahamu. Katalogi hutafuta herufi, haitafuti mtu. Nimekuta Shaaban Robert akiwa ameorodheshwa kwa Shaaban katika maktaba moja na kwa Robert katika nyingine. Mwandishi wa Kuli ameandikwa Shafi Adam Shafi kwenye baadhi ya majalada na Adam Shafi kwenye mengine, na riwaya yake ya Vuta n'kuvute itakataa kutokea iwapo alama ile ya ritifaa imeingizwa tofauti na unavyoiandika wewe. Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed ni watu watatu tofauti, na nimewahi kusoma insha iliyowageuza wawili kuwa mmoja. Utakuta utenzi na utendi, tamthilia na tamthiliya. Tafsiri ya kwanza ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na ile aliyoirekebisha ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, kwa hiyo anayetafuta kwa jina moja hukosa nusu ya kazi.

Waandishi wanawake huumizwa zaidi na jambo hili, na naomba uliweke moyoni. Tamthilia za mwanzo za Penina Muhando, kama Hatia ya mwaka 1972, ziko chini ya jina hilo, lakini maandishi yake mengine yako chini ya jina la Mlama, na katalogi isiyounganisha majina hayo mawili humfanya aonekane kama watu wawili walioandika kidogo kidogo, badala ya mtu mmoja aliyeandika mengi. Ndyanao Balisidya, mwandishi wa Shida ya mwaka 1975, naye utamkuta pia kwa jina la Matteru. Unapoambiwa kwamba wanawake waliotunga kwa Kiswahili miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wachache, pengine ni kweli, lakini hakikisha kwanza kwamba uchache huo haukutokana na jinsi ulivyotafuta. Mtafute Zainab Burhani, aliyetoa Mali ya Maskini mwaka 1981. Rudi nyuma hadi Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na utambue kwamba kazi hiyo yaweza kuwa kwenye ushairi, au kwenye hifadhi maalumu, au ndani ya kitabu cha mtafiti ambaye jina lake ndilo lililoandikwa mgongoni.

Hilo la mwisho linanipeleka kwenye fasihi isiyo na mgongo wake yenyewe. Kazi nyingi za zamani hazikuchapishwa kama vitabu vya kujitegemea. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, ilikuwa na jarida ambalo limebadilishwa jina mara kadhaa na ambalo leo linaitwa Kiswahili, likitolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pamoja na jarida hilo zilitolewa nyongeza zenye tenzi kamili. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulitoka kwa njia hiyo mwaka 1957. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi anayesoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969: katika jengo lile lile, kwenye chumba cha majarida ambacho haingii kwa kudhani ni cha wahadhiri, umo utenzi wa vita vile vile uliotungwa na mtu aliyeishi zama za vita hiyo, kwa mtazamo usiolingana na ule wa mwanatamthilia. Mwanafunzi akiviweka viwili hivyo mezani kwa pamoja, swali la insha yake hujiandika lenyewe. Nimeshuhudia hilo likitokea mara tatu au nne, na kila mara furaha ya yule mwanafunzi ilinipa nguvu ya kufanya kazi kwa wiki nzima.

Kwa hiyo usiogope chumba cha majarida wala hifadhi maalumu ya Afrika Mashariki, kama maktaba yako inayo. Utaombwa kuacha begi mlangoni, kutumia penseli na kusomea humo humo, na pengine kujaza fomu na kusubiri nusu saa. Mweleze mhudumu unachotafuta kwa sentensi nzima, usimtajie neno moja tu. Ukisema "naomba tenzi", ataleta ulichoomba. Ukisema "nasoma tamthilia kuhusu Maji Maji na ningependa kuona kilichoandikwa na watu walioishi wakati ule", atakumbuka mambo ambayo hayamo katika kompyuta. Ngano, hekaya na methali nazo usizitafute kwenye mia nane, kwani Dewey alizitenga kwenye 398 pamoja na mila na desturi, na hapo ndipo zilipo hadithi nyingi zilizokusanywa kutoka kwa wazee wetu katika lugha mbalimbali.

Naomba sasa niseme na wewe mfanyakazi mpya kwa kukiri kosa langu. Nilipokuwa nimeajiriwa miezi michache tu, tulipewa kazi ya kupendekeza vitabu vya kuondolewa ili kupata nafasi, nami niliweka kwenye rundo la kuondolewa riwaya nyembamba za upelelezi na mapenzi zenye majalada ya karatasi laini, nyingi zikiwa zimechanika. Niliziona ni vitabu vya kusomea kwenye basi, visivyostahili kuchukua nafasi ya taaluma. Baadhi ziliondolewa kweli. Miaka miwili baadaye alikuja mtafiti wa riwaya pendwa akiwa na orodha ya vitabu ambavyo wachapishaji wake hawapo tena, na viwili kati ya hivyo nilikuwa nimevishika kwa mikono yangu. Sikuwa na la kumwambia.

Riwaya hizo ni sehemu ya historia ya fasihi yetu kwa haki kamili. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichomleta mpelelezi Bwana Msa kwa wasomaji, kilishinda shindano la uandishi wa hadithi la Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kikachapishwa mwaka 1960, na leo hakuna mhadhiri atakayekiacha. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965, na vile vya Elvis Musiba vyenye mpelelezi Willy Gamba, viliwafundisha maelfu ya watu kupenda kusoma wakati ambapo hakuna aliyewalazimisha. Kwa hiyo kabla hujapendekeza kukiondoa kitabu cha Kiswahili, tazama kama maktaba nyingine nchini inacho, na kama huna hakika, kiache. Karatasi laini inaweza kubandikwa na kuwekewa jalada gumu. Kitabu kilichouzwa kwa kilo hakirudi. Nawe msomaji, ukikuta kitabu cha namna hiyo kimechanika, usikiache kwa aibu nyuma ya rafu. Kilete kaunta.

Njia nyingine mbili za kugundua vitabu nizitaje kwa haraka. Vitabu vya zamani vya wachapishaji wa hapa kwetu, kama East African Publishing House na Tanzania Publishing House, vilikuwa na desturi ya kutangaza kwenye jalada la nyuma au kurasa za mwisho vitabu vingine vilivyotoka nao, na kurasa hizo ni katalogi ndogo ya zama zake ambayo inafaa kunakiliwa. Pia tasnifu za uzamili na uzamivu, ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawazigusi, zina marejeleo yaliyokusanywa kwa jasho la miaka mingi. Fungua za mwisho mwisho, soma marejeleo tu, kisha nenda na majina hayo kwenye katalogi.

Kwa upande wa vitabu vipya, tazama matokeo ya tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Miswada iliyoshinda huchapishwa, lakini kuchapishwa si kufika maktabani. Kila maktaba ina fomu ya kupendekeza kitabu kinunuliwe, na nakuhakikishia kwamba fomu hizo husomwa, kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaozisoma, na katika idara ya fasihi huwa tunapata chache mno. Andika jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, na sentensi moja ya kueleza ni nani atakayekihitaji. Pendekezo lenye sentensi hiyo hupata uzito mkubwa zaidi kikaoni kuliko lisilo nayo.

Jambo la mwisho ni la wakati. Usije kuvinjari mwanzoni mwa muhula, wakati mapengo ni mengi na kila mtu ana haraka. Njoo wiki ile mitihani inapomalizika, wenzako wakiwa wameshapanda mabasi ya kwenda nyumbani, vitabu vyote vilivyoazimwa vikiwa vimerudi na kujaa kwenye mkokoteni karibu na kaunta vikisubiri kupangwa. Omba ruhusa ya kuvitazama humo humo mkokotenini, vikiwa bado vimechanganyika, mashairi juu ya riwaya, tafsiri kando ya tenzi, Mkenya juu ya Mzanzibari, kabla hatujavirudisha kila kimoja kwenye namba yake. Ukija kwetu siku hiyo, nitakupa kiti.